Namba Imepanda

Mizabibu ya Mpunguzi naijua kwa hesabu:
siku niliyopogoa naiandika kwa mkaa
nyuma ya mlango wa stoo,
nahesabu mia na kidogo, nanoa mkasi.
Mwili wangu sikuwahi kuuandikia chochote.

Kwa hiyo Elipokea, wa maabara ya pale Makole,
aliponiuliza, "Mara ya mwisho uliona siku zako lini?"
nilitazama dari.
Kabla ya mavuno ya Machi.
Au yale mengine.
Akaandika, "Hakumbuki,"
na neno lile likaniuma kuliko sindano.

Miezi minane hivi. Mama mkwe alihesabu kwa furaha
hadi wa sita, akaona tumbo limelala,
akaacha kuhesabu, akaanza kunong'ona.
Mmoja akasema nimefungwa.
Mwingine, eti nameza vidonge kwa siri.
Nikanywa mizizi kutoka Mvumi, chupa nzima,
nikatapika, nikarudi shambani.
Na baridi! Oktoba, jua linapasua udongo,
mimi nimejitanda kitenge juu ya sweta,
nywele zinabaki kwenye kitana
kama manyoya ya kuku wa sikukuu.
Chilewa akasema, "Siku hizi umekuwa mvivu."
Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo baya.

Mirija mitatu, kila mmoja na kifuniko chake.
Nikauliza: mnachukua damu yote hii
kwa mtu aliyekuja kwa kuikosa damu?
Elipokea akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Homoni ni mjumbe, dada. Haonekani.
Sisi tunapima nyayo zake."

Jumanne, majibu.
Daktari Mnyawami akaweka kidole kwenye karatasi:
"Homoni ya kuamsha tezi imepanda. Iko juu sana."
Nikafurahi.
Kwetu kinachopanda ni heri:
bei ya zabibu, maji ya kisima.
Basi ninazo za kutosha, nikasema.

Akavuta kiti akaja upande wangu wa meza.
"Ulishawahi kuchunga?"
Mimi, binti wa Bahi! Nimechunga mpaka nikavunja ungo.
"Ng'ombe msikivu unamwitaje?"
Kwa mluzi mdogo tu.
"Na asiposikia?"

Nikanyamaza.
Nikamwona mchungaji ndani ya kichwa changu
amepanda kichuguu, mishipa ya shingo imemtoka,
anaita, anaita, sauti inakauka,
na tezi, hapa kooni, ng'ombe mchovu
aliyejilaza kwenye kivuli cha mgunga,
hageuzi hata sikio.
Namba imepanda kwa kuwa kazi imeshuka.
Kilichopimwa ni kelele.

Si jini. Si ulimi wa mtu.
Wala si uvivu; hilo nililitamka kwa sauti
nikaliacha pale mezani kwake.

Mtoto hakuniahidi.
"Tuanze na huyu ng'ombe," akasema,
"wiki ya sita tupime tena. Siku zako zikirudi,
andika ya kwanza. Kuna vipimo vingine
vinataka siku ya tatu, si ya kumi,
na mimi siwezi kukuhesabia."

Kidonge kidogo kuliko mbegu ya uwele.
Alfajiri, tumbo tupu, chai ingoje saa nzima.
Nyuma ya mlango wa stoo, chini ya siku ya kupogoa,
nimechora mstari mwingine. Hauna tarehe bado.
Mkaa nimeuweka juu ya mwimo, karibu na mkono.

Mama mkwe akauliza mbona sinywi naye chai.
Nikamweleza habari ya mchungaji,
nikidhani atacheka.
Akashika shingo yake, akaipapasa, akarudia,
akauliza hiyo maabara hufungua saa ngapi.